Jinsi ya kumnasa ndumilakuwili kwenye kura za mchujo (ukianza na wewe mwenyewe)

Ukitaka kuona msimamo wa mtu unavyogeuka usisubiri uchaguzi mkuu, muangalie kwenye mchujo wa chama. Kwenye uchaguzi mkuu mnapishana sera kwa hiyo ugomvi unaeleweka, lakini kwenye mchujo wote ni chama kimoja, sera zinakaribiana, sasa kinachobaki kugombaniwa ni kanuni: kura ipi ihesabiwe, nani ajitoe, mjumbe yupi ana haki ya kumpigia nani. Hapo ndo utakuta mtu anatetea kanuni mwezi wa pili kwa povu kabisa, mwezi wa tano anaikana utadhani hawajawahi kuonana. Mifano yangu yote ni ya Demokrati wa Marekani, maana vita vyao viko kwenye rekodi na mwenye ubishi anaweza kwenda kuhakiki.

Kitu cha kwanza ukikutana na hoja ya mchujo, futa majina. Iandike hoja ikiwa uchi, bila mgombea ndani yake, mfano "wajumbe maalumu wamfuate aliyeongoza kwa kura". Halafu rudisha majina ila yageuze, weka la mpinzani pale lilipokuwa la kwako, umuulize aliyeisema kama bado anaitaka. Mara nyingi utajibiwa "ah lakini ile ni tofauti". Usimkatishe, muache aeleze tofauti yenyewe, maana wakati mwingine ipo kweli (nitaifikia).

Kwa ambao hawajui, mgombea urais wa chama huchaguliwa na wajumbe kwenye mkutano mkuu, na wengi wao hugawiwa kufuata kura za mchujo za kila jimbo. Wajumbe maalumu ni vigogo wa chama, maseneta, magavana, wabunge na wengineo, ambao hawafungwi na matokeo ya jimbo lao. Mwaka 2008, Barack Obama akichuana na Hillary Clinton, kambi ya Obama ilikuwa inasema hawa wasipindue alichoamua mpiga kura. Sawa kabisa. Ila Massachusetts alishinda Clinton, tena kwa pointi kama 15, na maseneta wa jimbo hilo wote wawili, Ted Kennedy na John Kerry, walikuwa wa Obama na wakabaki wa Obama. Ukimbana mshabiki wa Obama kwa hilo anakuambia kinachohesabika ni jumla ya nchi nzima, sio jimbo mojamoja. Haya, hiyo ni kanuni nyingine na inaeleweka, iandike hivyohivyo, ila sasa umeshamfunga kwayo, asije kesho mgombea wake akiwa nyuma kwa jumla akaanza kutafuta majimbo.

Ikaja 2016, safari hii Clinton akichuana na seneta Bernie Sanders. Wafuasi wa Sanders wakasaini maombi wajumbe maalumu waheshimu kura za majimbo yao. Ilipofika Mei, Clinton akiwa mbele kwa mamilioni ya kura, Sanders mwenyewe akawa anawaambia wajumbe haohao wafikirie kumgeukia yeye kwa sababu tafiti zinaonyesha ndiye atakayembwaga Trump vizuri zaidi. Yaani hoja ileile ya kambi ya Clinton ya 2008, kwamba wajumbe watumie busara zao waangalie nani ana nafasi zaidi ya kushinda Novemba. Waliokuwa wanaiita wizi wakaiona busara, na waliokuwa wanaiita busara wakaiona wizi.

Kitu cha pili, na mimi hapa ndo huwa nakomaa zaidi, angalia tarehe. Usiulize tu mtu anasema nini, uliza alisema lini na siku hiyo nani alikuwa anaongoza. Chukua sakata la Florida na Michigan. Majimbo hayo yalisogeza mchujo wa 2008 mbele kinyume na ratiba ya chama, chama kikawanyang'anya wajumbe wote, na wagombea wakuu wakakubali kutofanya kampeni huko. Clinton mwenyewe mwaka 2007 alisema waziwazi redioni kwamba kura ya Michigan haitahesabika kwa lolote. Kelele hazikuwepo. Kisha akashinda majimbo yote mawili, akawa nyuma kwa wajumbe, na ghafla kuzihesabu kura zile ikawa suala la haki ya mpiga kura. Harold Ickes, mtu wake wa karibu, alikuwemo kwenye kamati iliyopitisha adhabu, na ndiye huyohuyo aliyewaka Mei 31, 2008 kamati ilipokaa kugawa wajumbe. Siku hiyo wakarudishiwa wajumbe wao ila kila mmoja kwa nusu kura. Na usidhani upande wa pili walikuwa malaika, walioshikilia "kanuni ni kanuni" wengi wao kanuni ile ilikuwa inawabeba. Ilipofika Agosti, Obama ameshashinda, hana tena cha kupoteza, majimbo yote mawili yakarudishiwa kura kamili na sikumbuki nani alilia kwamba kanuni imevunjwa.

Sasa ile tofauti ya kweli niliyosema. Florida majina yote yalikuwa kwenye karatasi ya kura. Michigan Obama alikuwa ameondoa jina lake, Clinton akabaki, na watu kama asilimia 40 wakapigia chaguo la "sina upande". Kwa hiyo mtu akikuambia Florida ihesabiwe Michigan hapana, huyo sio lazima awe ndumilakuwili, ana sababu ambayo inabaki palepale hata ukigeuza majina. Kipimo ndo hicho. Sababu ikidumu majina yakigeuzwa, mpe haki yake, hata kama inakuuma.

Tatu ni namna ya kupiga kura, na hapa kambi zote zilichafuka. Mchujo wa New York wa Aprili 2016 ulikuwa wa wanachama tu, na aliyekuwa amejiandikisha chama kingine au bila chama alitakiwa awe amebadilisha tangu Oktoba 2015, miezi sita kabla. Wafuasi wa Sanders wakasema ni kuwanyima watu kura, na mimi naona walikuwa na hoja nzito tu. Lakini hao hao walikuwa kimya kuhusu kokasi, ile mikutano ambayo lazima uende mwenyewe ukumbini saa hiyohiyo ukae masaa, kama uko zamu kazini au una mtoto mchanga basi imekula kwako. Jimbo la Washington lilifanya kokasi, wakaja watu kama 230,000, Sanders akashinda kwa zaidi ya asilimia 70. Mei jimbo hilohilo likafanya mchujo wa kura za kawaida ambao haukuwa na nguvu ya kugawa wajumbe, wakapiga watu zaidi ya 700,000, na Clinton akashinda. Mashabiki wa Clinton wakaishika hiyo Washington kama silaha, ila uwaulize New York wanakuambia "sheria inajulikana, mngejiandikisha mapema". Kila mmoja anauona mlango uliofungwa upande wake tu.

Suala la "ajitoe anaharibu chama" halihitaji maneno mengi. 2008 lilimhusu Clinton, akaendelea hadi Juni 7. 2016 lilimhusu Sanders, akamuunga mkono Clinton Julai 12. Kama ulikuwepo zote mbili jiulize tu ulisema nini mara ya kwanza.

Tahadhari moja kabla hujaanza kurusha tuhuma: kambi sio mtu. Ukisema "nyinyi wa Sanders mlisema hivi Machi na leo mnasema vile", inawezekana aliyesema Machi ni Juma na anayesema leo ni Asha na hawajawahi kukubaliana. Undumilakuwili ni wa mtu mmoja mwenye kauli mbili, kwa hiyo tafuta kauli zake mwenyewe. Vilevile acha tabia ya kuwapima wao kwa yule mtukanaji wao mmoja halafu upande wako unaupima kwa mzee mmoja mstaarabu.

Na swali uliulize mapema. Kwenye mdahalo wa Nevada Februari 2020 wagombea wote sita waliulizwa kama mwenye wajumbe wengi ndiye apewe tiketi ya chama ya kugombea urais hata asipofikisha nusu. Watano wakasema utaratibu ufuate mkondo wake, Sanders peke yake akasema ndiyo, apewe. Nani alikuwa anaonekana kuelekea kuongoza? Sanders. Yuleyule wa Mei 2016. Swali zuri ila lilichelewa, majimbo mawili yalikuwa yameshapiga na kila mtu ameshapiga hesabu zake. Nyie waulizeni wenzenu kabla hata jimbo la kwanza halijafungua vituo, wakati kila mmoja anaamini wa kwake atashinda kwa kishindo, majibu yaandikwe kwa jina na tarehe, na la kwako liwe la kwanza kwenye orodha.