Kidonge cha presha cha binadamu, dozi ya paka: jinsi ya kukata na kumpa

Paka wa kilo 4 mwenye presha kwa kawaida huanzishiwa amlodipini, dawa ya kushusha presha, miligramu 0.625 kwa siku. Kidonge kinachopatikana kirahisi duka la dawa ni cha miligramu 5, yaani dozi yake ya siku nane. Maelezo haya ni ya mtu ambaye mnyama wake, paka au mbwa mwenye presha na figo mbovu, ameshapimwa, daktari wa mifugo ameandika dozi, na sasa amebaki na kidonge mkononi. Kama hajapimwa presha na damu, usianze.

1. Soma boksi lote

Unataka amlodipini peke yake. Kuna vidonge vya mchanganyiko, amlodipini na valsartani au amlodipini na atenololi, na pakiti zake hufanana sana. Ukiona namba mbili zenye mkwaju katikati, kama 5/80 au 5/160, rudisha. Ukipata cha miligramu 2.5, chukua hicho, utakata vipande vinne badala ya vinane. Kisha baki na kampuni ileile: umbo likibadilika, jicho lako linaanza kujifunza upya.

2. Hakikisha anakula na kunywa

Hili ni la enalaprili, benazeprili na telmisartani hasa, dawa nyingine za presha na figo. Dawa hizi hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye vichujio vya figo, presha ndani ya kichujio inashuka, protini inayovuja inapungua. Lakini mnyama aliyetapika au kuharisha hadi akaishiwa maji, kichujio chake tayari hakina msukumo wa kutosha. Ukimpa siku hiyo, figo zinaweza kugoma ghafla. Usimpe, piga simu kwanza. Amlodipini nayo usiikatishe kimyakimya. Uliza, kwa sababu presha hurudi juu.

Diklofenaki na ibuprofeni zisikaribie mnyama huyu. Paracetamol huua paka hata mwenye figo nzima.

3. Kukata

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Tumia kikata vidonge chenye wembe, au wembe mpya juu ya kibao kikavu. Kisu cha jikoni hakikati, kinaponda. Kata nusu, kisha robo. Robo ina ncha moja na upande wa duara: pitisha wembe kutoka kwenye ncha hadi katikati ya duara, kama unavyogawa kipande cha chapati. Ukikata kwa upana utapata kimoja kikubwa na kingine punje.

Hata ukiwa fundi, vipande vinane havitalingana. Si balaa, kwa sababu amlodipini hukaa mwilini siku kadhaa: upungufu wa leo unafidiwa kesho. Ila hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja. Kata kidonge kimoja tu, maliza vipande vyake vyote vinane, ndipo ukate kingine. Kwa siku nane atakuwa amekula miligramu 5, basi. Anayekata kumi kwa mpigo akachagua vipande vizuri na kutupa vibaya hajui tena anampa kiasi gani. Kidonge kikisagika kikawa unga zaidi ya vipande, tupa kizima.

Sababu nyingine ya kutokata akiba: mwanga na unyevu huiharibu dawa. Kwa hewa ya Dar au Mombasa, vipande vikae ndani ya kichupa kisichopitisha mwanga chenye kifuniko cha kukaza, si dirishani, si juu ya sinki.

Wapo wanaosaga kidonge kwenye mililita 8 za maji na kumpa mililita moja kila siku. Usifanye hivyo. Unga unatuama, siku ya kwanza paka anakunywa maji na siku ya nane anakunywa dawa.

Telmisartani ya maji ya paka ina mtego wake. Inatengenezwa kwa nguvu mbili, miligramu 4 na miligramu 10 kwa kila mililita. Mililita moja ya chupa isiyo sahihi ni dozi mara mbili na nusu. Soma chupa kila unaponunua, na tumia bomba lililokuja nayo.

4. Kumpa paka

Mfunge taulo, fungua mdomo, weka nyuma ya ulimi. Dawa ikiwa chungu atatoa povu. Kipande ndani ya kapsuli tupu namba 4 humaliza tatizo hilo. Kisha mpe mililita 5 za maji kwa bomba lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, kidogo kidogo akimeza. Kapsuli kavu inaweza kukwama kwenye umio na kuuchoma. Angalia nyuma ya kochi baada ya dakika chache, huenda ameitema.

Usifiche dawa kwenye chakula chake cha figo. Akionja uchungu atakisusa chakula chenyewe, na hicho ndicho anachokihitaji zaidi.

5. Kumpa mbwa

Matonge matatu: tupu, lenye dawa, tupu, haraka. Siagi ya karanga isiwe na zailitoli (kitamu cha badala ya sukari), na mchuzi usiwe na vitunguu. Mbwa mwenye figo mbovu kwa kawaida hapewi amlodipini peke yake, huwekwa pamoja na enalaprili au benazeprili ili kulinda vichujio.

6. Dozi iliyosahaulika, dozi iliyozidi

Weka alama kwenye kalenda. Nyumba yenye watu wawili wakarimu hutoa dozi mara mbili. Ukisahau na muda wa kesho umekaribia, ruka. Usirudufishe kamwe. Akitapika baada ya kumeza, usirudie kwa kubahatisha, uliza. Akila kidonge kizima cha 5, mpeleke kwa daktari hapohapo, hata kama anatembea vizuri: dawa hii haiishi kwa usiku mmoja.

7. Kurudi kupimwa

Siku 7 hadi 14 baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Akae kimya dakika 5 hadi 10 kwanza, kipimo cha kwanza kitupwe, wastani utoke kwenye vipimo vitano hadi saba. Lengo, kwa namba ya juu ya presha, ni chini ya 160, ikiwezekana chini ya 140. Akiwa chini ya 120 na amelegea, dozi imezidi. Kwa wanaotumia enalaprili na wenzake, damu ipimwe kreatinini (taka inayochujwa na figo) na potasiamu. Kreatinini kupanda kidogo kunatarajiwa, zaidi ya asilimia 30 mwambie daktari.

Usisubiri siku 7 ukimwona anagonga miguu ya meza, au mboni zimebaki kubwa kwenye mwanga. Huenda presha imempofua. Hilo ni la leo.