Mbio za baiskeli zikipita vijijini: simama wapi, utazame nini

Mashindano ya baiskeli yakitangazwa, watu wengi hukimbilia mwisho, penye jukwaa na spika. Mimi ni fundi baiskeli hapa Majengo, Dodoma, na kila anayeniuliza namjibu vilevile: toka mjini. Pale mwisho utaona mtu ameinua mikono. Kule porini ndiko utakakoona kilichomfikisha yeye na kuwaacha wenzake.

Ila porini kuna hesabu yake. Kundi la waendeshaji wa kulipwa, likiwa tambarare, hukimbia hata kilomita 45 kwa saa, yaani mita 12 na nusu kila sekunde. Watu mia moja walioshikamana watakuwa wamekupita wakati bado unafungua kamera ya simu. Kwa hiyo kabla ya kufikiria chakula na mwavuli, fikiria mahali. Unatafuta sehemu ambayo barabara inawapunguza mwendo au inawatawanya.

Kinachowashikamanisha ni hewa. Anayekaa nyuma ya mwenzake, tairi karibu liguse tairi, anaokoa karibu theluthi ya nguvu zake. Ndiyo maana tambarare hata mwenye mapafu makubwa hatoki kirahisi akawaacha wengine. Mlimani mambo yanageuka: mwendo unashuka, kujificha nyuma ya mtu hakusaidii sana, kila mmoja anapandisha uzito wake mwenyewe. Hapo kundi linakatika, na wewe unakuwa na muda wa kumtazama mtu usoni.

Kwa upande wetu, mlima wa kwanza ninaoufikiria uko barabara ya Singida. Ukitoka Bahi ni mbuga tupu mpaka Kintinku, halafu barabara inaukwea ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Usisimame chini, kwa sababu hapo bado wako pamoja. Kileleni nako wameshamalizana, wanavuta pumzi na kubadilisha gia. Panda mpaka upite nusu ya mlima, tafuta kona inayokuonyesha kipande cha barabara ya chini, ukae hapo. Utawaona wakija, utawaona wakipita, na ukigeuka utawaona tena kwa mgongo. Ukiwa njia ya Kondoa, vilima vya kutoka Kolo kwenda Bereko vinafaa vilevile, na ukiamka mapema unaweza kuanza na michoro ya miambani pale Kolo, ambayo iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Sasa upepo, jambo ambalo watazamaji wengi hawalifikirii kabisa. Kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wetu unavuma kwa nguvu kutoka mashariki na kusini-mashariki. Kama mbio zinatoka mjini kwenda Bahi, upepo uko mgongoni na watakupita kama risasi. Zikielekea kaskazini, njia ya Kondoa, upepo unawapiga ubavuni, na hapo hata bila mlima utaona kundi likipasuka. Anayetaka kujikinga na upepo wa ubavuni hakai nyuma kabisa ya mwenzake, anakaa mshazari, kidogo pembeni. Wa tatu anafanya hivyo kwa wa pili, wa nne kwa wa tatu, mpaka lami inakwisha. Mwenye bahati amepata nafasi. Asiyepata anabaki kwenye ukingo, amelala juu ya hendeli, anapigwa na upepo wote, na baada ya dakika chache unaona uwazi wa mita mbili mbele yake, kisha kumi, kisha basi tena.

Kwa hiyo kwenye njia hiyo, wakielekea Kondoa, simama upande wa mashariki, upepo unakotoka. Wale wanaotapatapa watasukumwa ukingo wa magharibi, na mtu aliyesimama kule anaweza kugongwa. Tena ukiwa mashariki asubuhi jua liko mgongoni mwako na vumbi linakwenda kwa wengine. Kama huna hakika na upepo, chota vumbi kidogo mkononi uliachie kwa urefu wa kifua. Fanya hivyo pale pale utakaposimama, kwa sababu kilima kidogo au safu ya mibuyu inaweza kuugeuza.

Saa ya kufika ni hesabu rahisi. Waandaaji wa mbio kubwa hutoa jedwali lenye kila kijiji, kilomita zake, na saa za kupita kwa mwendo wa aina mbili au tatu. Ukilikosa, tumia mawe ya kilomita ya pembeni mwa barabara. Wakianza saa tatu asubuhi na wewe uko kilomita 60 mbele, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa watakufikia saa nne na nusu. Upepo ukiwa mgongoni, toa dakika kumi. Uwe umeshafika muda wa saa mbili nzima kabla hawajapita, maana askari wakishafunga barabara daladala haiendi popote, na bodaboda aliyekuahidi atazuiwa njiani. Beba maji ya kutosha mchana mzima, kofia, karanga au mihogo, na betri ya ziada ya simu. Kivuli cha mbuyu kinahama, usikitegemee.

Kama mbio ni za mzunguko, chaguo linakuwa jepesi zaidi. Kwenye mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, wanaume walirudia mzunguko wa kilomita 15 hivi, na aliyesimama kwenye mlima wa Kimihurura, uliotandikwa mawe, aliwaona tena na tena, kila mara wakiwa wachache. Tadej Pogačar wa Slovenia alianza kuwasha moto zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda. Mtu aliyewaona mara moja tu hakuona mbio, aliona rangi. Kwa mwenye nafasi ya kusafiri, Tour du Rwanda, mbio za kuizunguka Rwanda, ni shule nzuri sana, na barabara ya kwenda kule inatuanzia hapa hapa: Singida, Nzega, Kahama, mpaka Rusumo.

Siku yenyewe, jifunze mpangilio wa msafara. Zinatangulia pikipiki za askari, halafu gari lenye bendera nyekundu. Kuanzia hapo barabara si yako. Kisha watakuja waliochomoka, labda wawili, labda watano, na karibu nao pikipiki yenye mtu aliyebeba ubao ulioandikwa namba zao na muda walioongoza. Washa saa yako tairi la kwanza likipita mbele ya jiwe au nguzo uliyoichagua, izime kundi kubwa likifika hapo hapo. Mtangazaji wa Ufaransa Robert Chapatte, ambaye naye alikuwa mwendeshaji, ana kanuni inayokumbukwa mpaka leo: kundi kubwa huweza kurudisha dakika moja kwa kila kilomita kumi. Kama zimebaki kilomita 30 na uongozi ni dakika mbili, waliochomoka kwa kawaida watakamatwa. Kama ni dakika tano, waambie jirani zako waanze kujifunza majina yao.

Angalia pia namba za mgongoni. Namba inayoishia na 1, kama 11, 21 au 31, mara nyingi ni ya kiongozi wa timu. Mtafute. Akiwa amefunikwa na wenzake watatu mlimani, timu yake bado ina mpango. Akiwa peke yake, mdomo wazi, bila hata mmoja wa kumletea maji, umeshajua jambo ambalo wa jukwaani hawajui.

Na usikilize. Mimi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kundi likikaza mwendo, unasikia cheni zinavuma kwa sauti moja nzito. Wakifika kwenye matuta ya kijiji wote wanaacha kukanyaga pedeli kwa pamoja, na frii-wili mia moja zinalia kwa mara moja, mlio mkali unaokuja kama mvua ya mawe kwenye bati. Halafu kimya cha nusu sekunde, halafu cheni zinashika tena. Ila usisimame kwenye tuta lenyewe. Hapo ndipo chupa zinaruka kutoka kwenye fremu na watu wanagusana magurudumu. Rudi nyuma hatua hamsini.

Mifugo ndiyo kazi kubwa ya huku kwetu, na ianze asubuhi, si pikipiki za askari zikishatokea. Mwaka 2007 kwenye Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa, mwendeshaji Marcus Burghardt wa Ujerumani aligonga mbwa aliyevuka barabara, rimu ya mbele ikakunjika palepale. Huyo alikuwa mbwa mmoja. Hapa tuna mbuzi sitini wanaomfuata mmoja aliyekwisha kuamua kuvuka. Ukiona wachungaji, waendee kwa miguu na salamu kwanza, mbukwenyi, shikamoo, ndipo useme shida yako.

"Babu, tunaomba ng'ombe wakae upande huu mpaka gari la mwisho lipite."

"La mwisho nitalijuaje, mjukuu wangu? Magari yote ni magari."

"Lina bendera ya kijani, babu. Nitakuja mwenyewe kukuambia."

Na uende kweli. Mzee aliyeahidiwa akasahaulika hatakusikiliza siku nyingine. Mbuzi wasogezwe mita mia kutoka kwenye lami, kwenye majani au penye maji, wasibanwe tu na fimbo kando ya barabara, kwa sababu king'ora kikilia watakimbilia popote.

Watoto wakae nyuma ya mtaro, na kila watano wawe na mtu mzima mmoja. Wao wanataka chupa za waendeshaji, na mimi nawaelewa, ni chupa nzuri. Kanuni ni moja: chupa iliyo kwenye lami haiguswi mpaka bendera ya kijani ipite. Nyuma ya kundi kuna magari ya timu yanayofuatana kwa kasi, dereva anaongea na redio huku fundi ametoa gurudumu dirishani. Hayo ndiyo hatari kuliko baiskeli, na ndiyo ambayo mtoto hayategemei, kwa kuwa anadhani mbio zimeshapita.

Bango lako liandike, lakini likae kifuani mwako, nyuma ya mstari. Juni 2021, siku ya kwanza ya Tour de France, mtazamaji alinyoosha bango barabarani akiwa amewapa waendeshaji mgongo, anatazama kamera. Mwendeshaji Tony Martin akaligonga, na sehemu kubwa ya kundi ikalala chini. Bendera ya taifa nayo ishike kwa mikono miwili, upepo wetu hauchelewi kuipeleka kwenye hendeli ya mtu. Usikimbie pembeni ya mwendeshaji, usimsukume, usimmwagie maji hata ukimwona anaungua. Piga makofi, piga ngoma, waite kwa majina. Wa mwisho kabisa, aliyeachwa na wote, huwa anaisikia sauti yako vizuri zaidi kwa sababu yuko peke yake.

Gari la bendera ya kijani likipita, nenda kwa babu, kisha okoteni takataka zenu. Barabara usiivuke kwanza. Malori na mabasi yaliyokuwa yamezuiwa yanaachiwa yote kwa pamoja, na madereva wamechelewa. Subirini wimbi la kwanza liishe, ndipo mshushe watoto kwenye lami na mtafute usafiri wa kurudi mjini.