"Sheep" mmoja, "sheep" kumi: namna ya kutambua umoja na wingi neno lisipobadilika

Kazi yangu ni kutafsiri vitabu na ripoti, na jioni nafundisha watu wazima Kiingereza. Makosa kama "sheeps", "aircrafts", "offsprings" na "a specie" hunifikia kutoka pande zote mbili, kwa wanaoanza kujifunza na kwa waliobobea katika fani zao. Dawa wanayopewa wengi ni orodha ya kukariri. Mimi sianzi na orodha, kwa kuwa anayezungumza Kiswahili ameishi na nomino za aina hii tangu alipoanza kusema.

Tazama kondoo. Kondoo huyu amepotea, kondoo hawa wamepotea. Samaki ameoza, samaki wameoza. Nyumba imeuzwa, nyumba zimeuzwa. Nomino haikuguswa hata herufi moja. Idadi imetajwa na majirani zake, yaani kiashiria na kiambishi cha kitenzi. Kiingereza nacho kina nomino zinazokaa vivyo hivyo, na "sheep" na "fish" zimo. Ugumu ni kwamba katika Kiingereza majirani ni wachache, na baadhi yao hawasemi kitu. Ukishajua nani anasema na nani ananyamaza, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Wanaosema na wanaonyamaza

Wanaosema umoja ni "a", "one", "this", "that", "each", "every" na "another". Wanaosema wingi ni "these", "those", "many", "few", "several", "both" na kila nambari kuanzia mbili. Kisha kuna kitenzi. "The deer eats at night" ni mnyama mmoja. "The deer eat at night" ni wengi. Hapa wengi huteleza, maana wameshazoea kwamba "s" ni alama ya wingi. Kwenye nomino ni kweli. Kwenye kitenzi cha wakati uliopo, "s" hiyohiyo ni ya umoja wa nafsi ya tatu. Ichukulie kama "a-" ya "anakula", na ikikosekana hapo ujue uko kwenye "wa-" ya "wanakula". "Is" na "are", "has" na "have", "was" na "were" nazo zinasema waziwazi.

Wanaonyamaza ni "the", "my", "their", "which", pamoja na "will", "can", "must" na karibu vitenzi vyote vya wakati uliopita. "The sheep jumped over the wall." Ni wangapi? Sentensi haisemi, na hata Mwingereza akiisoma peke yake hana pa kushika. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo: lazima uandike "aliruka" au "waliruka".

Ukiwa unatafsiri

Hapa ndipo penye kazi hasa. Zoezi ninalowapa wanafunzi lina sentensi tatu nilizozitunga makusudi: "The aircraft came in from the north. Witnesses on the shore heard no engine. Neither was ever found." Wengi huandika haraka "Ndege ilitokea kaskazini" na kuendelea. Wakifika kwenye "neither" wanakwama, kwa sababu neno hilo hutumika pale vitu vilipo viwili. Ndege zilikuwa mbili tangu sentensi ya kwanza, ila hakuna jirani aliyesema. Tafsiri inayosimama ni hii: "Ndege mbili zilitokea kaskazini. Mashuhuda waliokuwa ufukweni hawakusikia mngurumo wa injini. Hakuna hata moja iliyopatikana."

Kwa hiyo nikikutana na nomino ya aina hii iliyozungukwa na majirani wakimya, siandiki kiambishi cha kitenzi mpaka niisome aya hadi mwisho. Natafuta viwakilishi kwanza: kwa mnyama au kitu, "it" na "its" ni umoja, "they" na "them" ni wingi. Natafuta "both", "neither", "the other", "one of". Natafuta jambo ambalo kitu kimoja hakiwezi kulifanya, kama kugongana au kutawanyika. Picha na majedwali ya kitabu nayo huamua mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Yote hayo yakishindikana, mwandikie mwandishi au mhariri swali la mstari mmoja. Usibahatishe. Msomaji wa Kiswahili atakuamini moja kwa moja, na kwake "ilianguka" na "zilianguka" ni habari mbili tofauti.

Ipo njia ya kutotaja idadi, nayo ni kukigeuza kitenzi kuwa jina: "kuanguka kwa ndege", "kupotea kwa kondoo". Hapo idadi inafichika katika Kiswahili kama ilivyofichika katika Kiingereza. Naitumia kwenye vichwa vya sura na maelezo ya picha. Katika masimulizi marefu siipendi, kwa sababu ikirudiwarudiwa lugha inakauka.

Ukiwa unaandika Kiingereza

Safari hii wewe ndiye mwenye habari, na ni wajibu wako kumpa msomaji. "The sheep died" mwongezee jirani: "all the sheep died", "one of the sheep died", "both sheep died". Ukitaka kuongeza kidogo zaidi tu, badilisha wakati: "the sheep has died" na "the sheep have died" zinatofautiana, na "was dying" na "were dying" pia. Katika barua ya kawaida huenda isilete shida. Katika ripoti ya ajali au ya mifugo, sentensi isiyosema ni wangapi ni sentensi mbovu hata kama sarufi yake ni safi.

Mambo ya kumiliki yana mtego wake. Kwa kuwa wingi wa "sheep" hauna "s", ritifaa hukaa mahali palepale kwa mmoja na kwa wengi: "the sheep's wool". Usiandike "sheeps'" kwa kufuata mfano wa "dogs'".

Ugonjwa mwingine unaofanana

"Furnitures", "informations", "advices", "equipments", "luggages". Haya watu huyaweka kapu moja na "sheeps", lakini chanzo ni kingine kabisa. "Sheep" inahesabika, ila haibadiliki. "Furniture" haihesabiki. Jaribio langu ni dogo: weka "two" mbele yake. "Two sheep", "two series" na "two aircraft" zinasimama. "Two furniture" inaanguka, na "two furnitures" inaanguka pia. Utahitaji "two pieces of furniture". Kitenzi chake ni cha umoja siku zote: "the furniture is old". "News" imo humu pamoja na "s" yake: "the news is good". Kiswahili ndicho kinachotusukuma kukosea, kwani sisi tunasema habari hizi, fanicha zile, vifaa vingi, bila tatizo.

"Police" na "cattle" zina tabia ya upande wa pili: ni wingi tu. "The police are here." Mmoja wao ni "a police officer", kamwe si "a police".

Zipi hasa hazibadiliki

"Species" na "series" ndizo zinazosumbua zaidi wanaoandika masomo ya sayansi. Zimetoka Kilatini zikiwa na "s" yake katika umoja na wingi, basi "s" hiyo ni sehemu ya neno wala si alama ya wingi. Mtu akiona "s" mwishoni anaikata ili apate umoja, na hapo huzaliwa "a specie" na "a serie". Ubaya ni kwamba "specie" ni neno halali la Kiingereza lenye maana ya fedha za sarafu, hivyo programu ya kukagua tahajia inaweza kuipitisha bila kukuonya. Andika "this species is rare" na "these species are rare". "Means", ikiwa na maana ya njia au nyenzo, inafuata mkondo huohuo: "a means of transport". Vilevile "a crossroads", "a barracks". "Headquarters" hukubali "is" na hukubali "are". Chagua moja na uende nayo mpaka ukurasa wa mwisho.

"Sheep", "deer" na "swine" ni za kale. Katika Kiingereza cha zamani, kundi fulani la nomino halikuwa na kiambishi cha wingi, na hizi ni mabaki yake. "Deer" enzi hizo ilikuwa na maana ya mnyama yeyote, kama "Tier" ya Kijerumani ilivyo hadi leo. "Horse" nayo ilikuwa kundini, baadaye ikachukua "s". "Fish" ilipita njia ya kinyume: wingi wake wa kale ulikuwa na "s", ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inataja mikate mitano na "two fishes". Leo samaki wengi ni "fish", na "fishes" imebaki zaidi kwa wanasayansi wanaozungumzia aina mbalimbali za samaki. "Salmon", "trout", "cod", "bison" na "moose" hazibadiliki. Usidhani basi kila kiumbe wa majini ni hivyo: "sharks" na "whales" zinachukua "s" kama kawaida. Wawindaji na waongozaji wa watalii husema "a herd of elephant" au "we saw zebra". Ni mtindo wa fani yao. Wewe andika "elephants" na "zebras", hutakosea.

"Craft" yenye maana ya chombo cha kusafiria haibadiliki, na watoto wake wote vilevile: "aircraft", "spacecraft", "hovercraft". Ikiwa ni kazi ya mikono, wingi wake ni "crafts". "Offspring" haihitaji "s" hata wakiwa kumi na wawili.

Yako machache yaliyotoka Kifaransa ambayo maandishi hayabadiliki lakini mdomo unabadilika. "Corps" umoja hutamkwa "koo", wingi "kooz". "Chassis" umoja ni "shasi", wingi "shasiz". Ukiwa unasoma kwa sauti mbele ya watu, hili lina uzito.

Majina ya watu wa mataifa yanayoishia na "-ese", kama "Japanese", "Portuguese" na "Sudanese", pamoja na "Swiss", hayabadiliki pia. Ila kwa mtu mmoja, "a Chinese" inasikika kwa wengi kama dharau. Andika "a Chinese man" au "a Chinese woman". Heshima ya mtu ni kubwa kuliko neno moja la kuokoa nafasi.

Kuhusu nambari, fuata sikio lako la Kiswahili. Tunasema "mia tano" na si "mamia tano", lakini "mamia ya watu". Kiingereza ni hivyohivyo: "five hundred", halafu "hundreds of people". Elfu tatu ni "three thousand", maelfu ya watu ni "thousands of people". Milioni na dazeni hufuata: "two dozen eggs", "dozens of eggs".

Ukikutana na neno nisilolitaja, fungua kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, ile inayoweka herufi C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika. Angalia herufi kwanza. Ikiwa ni U, acha kutafuta wingi. Ikiwa ni C, angalia kando ya neno kama wingi wake umeandikwa, maana kamusi nzuri huutaja pale unapotoka nje ya kawaida. Utakapoona maumbo mawili, kama "shrimp" na "shrimps", yote ni sahihi: la kwanza limezoeleka zaidi Marekani, la pili zaidi Uingereza. Fuata la wasomaji unaowaandikia.