Simu imekuwa nzito? Anza na betri

Wengi wanaokuja mezani kwangu Kariakoo wakisema simu inaganda wameshafuta picha zote, na wengine wameshaanza kuulizia bei ya nyingine. Ndugu zangu, tuanze na betri. Betri ya lithiamu ikichakaa hushindwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Unafungua kamera, simu inazima ikiwa na asilimia 25. iPhone hujikinga kwa kupunguza kasi. Apple walikiri jambo hilo Desemba 2017, na mwaka uliofuata wakaweka sehemu ya kuonyesha hali ya betri. Ingia setingi, gusa Betri, kisha hali ya betri (Battery Health): ukikuta uwezo wa betri, si chaji, uko chini ya asilimia 80, badilisha.

Android nyingi hazikuonyeshi, kwa hiyo tazama dalili. Chaji inaruka kutoka 40 hadi 15, au simu iliyozima inawaka na asilimia nyingi mara tu unapochomeka chaja. Kisha vua kava uitazame kwa ubavu. Kioo au mfuniko wa nyuma ukiwa umeinuka, betri imevimba: zima, usiichaji tena, ipeleke kwa fundi leo hii.

Hapo kwa fundi, usiondoke. Simu za zamani mfuniko ulifunguka kwa kucha; za sasa zimegandishwa kwa gundi. Mimi napasha ukingo moto kidogo, napitisha kadi ya plastiki taratibu, kisha nachomoa kwanza waya wa betri kwenye bodi. Betri yenyewe huwa imeshikwa na utepe wa gundi, nao unavutwa polepole, umelala. Ukikatika, nadondoshea spiriti chini yake na kusubiri. Fundi mwenye haraka huchokoa na bisibisi. Ukimwona, mzuie palepale, maana betri ikitoboka inawaka moto.

Usiseme "weka yoyote tu, fundi." Stika yenye namba kubwa ya uwezo (mAh) kwenye betri ya umbo lilelile haina maana. Kuanzia iPhone XS na XR, betri isiyo ya Apple huleta ujumbe kwenye setingi, na fundi mkweli atakwambia hilo kabla hajafungua. Simu ikishafunguliwa, kinga ya maji nayo usiitegemee tena.

Kabla hajabandika mfuniko, mwombe awashe simu. Piga picha, piga simu, chomeka chaja uone inaingiza. Ukiridhika ndipo agandishe.