Jinsi ya Kuhesabu Vyura wa Msitu wa Uzungwa Usiku Bila Kuwapelekea Ugonjwa

Nawaandikia vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Uzungwa Scarp, katika milima ya Udzungwa, upande wa Mufindi na Kilolo, na wanafunzi wanaopanda huku kwa mara ya kwanza. Kazi yangu ni kuhesabu vyura usiku.

Hatua ya 1: Kibali. Pita ofisi ya kijiji, kisha ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, inayosimamia hifadhi. Ukija kwa utafiti, unahitaji pia vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Usiingie usiku peke yako.

Hatua ya 2: Buti. Hapa sitaki haraka. Kwanza sugua tope lote kwa brashi hadi kwenye mifereji ya soli, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya tope. Changanya Jik sehemu moja na maji sehemu mbili, loweka soli dakika 15, suuza, kisha anika mpaka zikauke kabisa. Fanya hivyo nyumbani, mbali na kijito, maana Jik nayo inaua vyura.

Sababu ni kuvu iitwayo kitridi, inayoweza kubebwa na tope la buti. Hushambulia ngozi, na chura hupumua na kunywa maji kwa ngozi yake. Ikiharibika, chumvi za mwilini huvurugika hadi moyo unasimama. Kumbuka chura wa Kihansi, aliyeonekana mara ya kwanza 1996 kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi, katika milima hii hii ya Udzungwa. Maji yalipochepushwa kuzalisha umeme, makazi yake yakakauka, ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyiza maji. Wakaanza kuongezeka, halafu 2003 wakaporomoka ghafla, na kitridi ikakutwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 alitangazwa ametoweka porini. Waliopo leo ni uzao wa vyura 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, ambao walianza kurudishwa bondeni 2012. Ndiyo maana mgeni aliyewahi kunijia na buti zenye tope la safari nyingine nilimrudisha kijijini. Alikasirika, lakini leo ningemrudisha tena.

Hatua ya 3: Siku na saa. Ulanzi, pombe ya mianzi ya msimu wa mvua, ukianza kugemwa, na vyura wameanza kulia. Chagua usiku wa ukungu au manyunyu baada ya mvua, uanze saa moja na nusu.

Hatua ya 4: Mstari. Mchana pima mita 100, ufunge utepe kila baada ya mita 10. Usiku mtembee wawili, mmoja kushoto na mwingine kulia, hatua moja halafu kituo. Mulika majani kuanzia kwenye kifundo cha mguu hadi juu ya kichwa. Wageni wengi hukimbilia kwenye madimbwi, na huko huwakosa vyura tunaowatafuta, kwa sababu jamii ya Nectophrynoides haitagi majini. Jike hubeba mayai tumboni na kuzaa vichura vilivyokamilika, bila viluwiluwi kuogelea popote.

Hatua ya 5: Kumtambua. Juzi nilimkuta Nectophrynoides mmoja juu ya jani la kangaga, usawa wa kiuno. Alikuwa mdogo kama kifundo cha kidole gumba, miguu ameikunja chini yake, koo likipwita, na ubavu wake umejaa pande zote mbili kama kifuko cha mbegu. Huyo ni mjamzito. Mpige picha ya mgongo na ya ubavu, umwache. Wale wa kundi la Nectophrynoides viviparus ni wakubwa zaidi, na wana tezi nene nyuma ya macho na kwenye miguu. Mwenye macho makubwa na mboni iliyosimama wima ni Leptopelis wa mitini. Anayeruka kwenye majani makavu, kidole cha tatu cha mkono kikiwa kirefu kuliko vingine, ni dume la Arthroleptis, ambao mayai yao huanguliwa vichura moja kwa moja ardhini.

Hatua ya 6: Kumshika, ikibidi tu. Glavu mpya kwa kila chura. Usijipake dawa ya mbu wala losheni mikononi, inapenya kwenye ngozi yake. Usizidishe dakika mbili, kisha mrudishe kwenye jani lile lile.

Hatua ya 7: Daftari. Andika kwa penseli, wino unayeyuka kwa ukungu. Andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, hali ya hewa, mita ya mstari, na kimo cha jani. Usiku usioona hata mmoja, andika 0. Sifuri za miaka mitatu kwenye mstari uliokuwa na vyura ni habari nzito kuliko picha nzuri. Nakuomba pia usiweke mtandaoni mahali halisi ulipompata, wapo wanaonunua wanyama adimu.

Hatua ya 8: Kutoka. Sugua buti tena ukingoni mwa msitu kabla ya kupanda bodaboda. Tope la Uzungwa libaki Uzungwa. Glavu zilizotumika zifungie kwenye mfuko, uzichome nyumbani.