Kupikia wawili baada ya kuzoea kupikia saba: anza na sufuria

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilipikia watu saba. Watoto wakaondoka mmoja mmoja, tukabaki wawili, mimi na mume wangu, lakini mkono wangu ukawa bado unapikia saba. Kila jioni wali ulibaki nusu sufuria. Nikaamua kugawa: mchele robo, maji robo, mafuta robo. Wali ukatoka na kiini kigumu, vitunguu vikaungua, mchuzi ukashika chini. Nilidhani nimesahau kupika.

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nagawa kwa hesabu moja vitu ambavyo havifuati hesabu moja. Mchele, nyama na maharage hufuata idadi ya walaji. Maji, mafuta na moto hufuata sufuria. Hatua zote hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Jua mnakula kiasi gani

Kwa wiki moja usibadilishe chochote. Pika kama ulivyozoea, ila andika kilichoingia sufuriani kikiwa kibichi na kilichobaki baada ya kula. Tumia kikombe kilekile siku zote. Ukiwa na mizani ya jikoni, vizuri zaidi.

Kama huna pa kuanzia, chukua makadirio haya kwa mtu mzima mmoja: mchele mkavu gramu 60 hadi 90, tambi kavu gramu 75 hadi 100. Kumbuka pia kwamba kikombe 1 cha mchele hutoa takriban vikombe 3 vya wali, na kikombe 1 cha maharage makavu hutoa vikombe 2 na nusu hadi 3 yakishaiva. Macho hudanganywa na mchele mbichi kwa sababu huonekana mchache. Hapo ndipo mkono huongeza konzi moja "ya tahadhari", na konzi hiyo ndiyo kiporo cha kesho.

Hatua ya 2: Badilisha sufuria kabla ya kubadilisha chakula

Watu wengi huiruka hatua hii, na mimi naiona kuwa kubwa kuliko zote. Ukipika chakula kidogo kwenye sufuria pana, kinatandazika chini kama utando. Maji hutoka haraka, moto hukamata sehemu yote kwa pamoja, na huna nafasi ya kusahihisha.

Lengo ni kina cha chakula kibaki karibu na kilekile cha zamani. Pima upana wa sufuria zako kwa rula, kutoka ukingo hadi ukingo. Sufuria ya sentimita 20 si ndogo kidogo tu kuliko ya sentimita 28: eneo la chini yake ni karibu nusu. Ya sentimita 16 ni karibu theluthi. Kwa hiyo ukipika nusu ya kiasi ulichokuwa ukipika kwenye ya 28, chukua ya 20. Ukipika theluthi au robo, chukua ya 16.

Ukitaka kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya maisha haya mapya, nunua sufuria ndogo yenye kitako kizito na mfuniko unaokaa vizuri. Kitako chembamba huunguza chakula kidogo hata ukiwa umesimama palepale.

Hatua ya 3: Maji ya wali

Mchele mweupe hunywa maji takriban sawa na ujazo wake, kikombe kwa kikombe. Maji mengine yote unayoongeza ni ya mvuke, yatakayopotea hewani. Kiasi cha mvuke huo hakijali umeweka mchele kiasi gani. Kinategemea upana wa sufuria, ukali wa moto, mfuniko na muda. Ndiyo maana mchele usiokobolewa huhitaji maji mengi zaidi: unakaa motoni muda mrefu, basi mvuke unaotoka ni mwingi.

Tazama hesabu yangu ya zamani: mchele vikombe 4, maji vikombe 6, sufuria ya 28. Vikombe 4 vilinywewa na mchele, 2 vikapotea. Nilipogawa kwa nne nikabaki na mchele kikombe 1 na maji kikombe 1 na nusu katika sufuria ileile, ambayo bado ilikuwa inataka vikombe vyake 2 vya mvuke. Mchele ungepata wapi maji ya kunywa? Ungehitaji vikombe 3. Kwenye sufuria ya 16, mvuke ni karibu theluthi mbili za kikombe tu, kwa hiyo kikombe 1 na theluthi mbili kinatosha.

Sufuria yako na jiko lako havilingani na vyangu, basi vipime. Weka vikombe 2 vya maji matupu, au zaidi kwa sufuria pana ili yasikauke yote, yachemshe, punguza moto kama unavyofanya kwa wali, funika, na uache kwa muda ambao wali wako huchukua. Zima, acha yapoe, pima yaliyobaki. Yaliyopotea ndiyo mvuke wa sufuria hiyo. Tangu siku hiyo kanuni yako ni: maji sawa na mchele, ongeza mvuke. Liandike jibu, maana hutalirudia jaribio hili mpaka ubadilishe sufuria au jiko.

Hatua ya 4: Mafuta, chumvi na viungo

Mafuta ya kukaangia kitunguu yana kazi ya kufunika kitako. Ukipunguza chakula bila kupunguza sufuria, huwezi kupunguza mafuta; ukilazimisha, kitunguu kinaungua kabla hakijalainika. Sufuria ikiwa ndogo, mafuta yanapungua yenyewe.

Chumvi nitaisemea zaidi kwa sababu ndiyo iliyoniharibia michuzi mingi. Mchuzi mdogo hukauka haraka, na ukikauka chumvi inabaki yote mle mle. Weka nusu ya chumvi uliyokadiria, ngoja mchuzi ufikie uzito unaoutaka, onja, kisha ongeza. Fanya vivyo hivyo kwa pilipili. Viungo vizima kama kijiti cha mdalasini havigawanyiki kirahisi: vunja kipande, au tia kizima na ukitoe mapema.

Hatua ya 5: Moto na muda

Chakula kidogo huchemka upesi, lakini hakiivi upesi kwa kiasi hichohicho. Harage moja huchukua muda wake, liwe peke yake au katikati ya elfu. Nyama hufuata unene wa kipande, si uzito wa jumla. Ukitaka kupunguza muda, kata vipande vidogo. Kinachobadilika ni moto: chakula kikishachemka, ushushe chini kuliko ulivyozoea, na uwe na maji ya moto pembeni ya kuongezea.

Angalizo la maharage mekundu. Usiyapike kwa moto mdogo tangu mwanzo kwa kuwa ni machache. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu katika maji mapya kwa angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yakiwa mabichi yana sumu inayosumbua tumbo vibaya, na moto wa polepole hauiondoi.

Keki na vyakula vya oveni: anza kuangalia inapofika theluthi mbili ya muda uliouzoea.

Hatua ya 6: Vipimo vigumu kugawa

Kijiko kikubwa 1 ni vijiko vya chai 3, hivyo nusu yake ni kijiko cha chai 1 na nusu. Kikombe 1 ni vijiko vikubwa 16. Theluthi ya kikombe ni vijiko vikubwa 5 na cha chai 1. Ukihitaji nusu ya yai, livunje, lipige mpaka ute na kiini vichanganyike, kisha pima gramu 25. Linalobaki lipikie kifungua kinywa.

Hatua ya 7: Usichopaswa kupunguza

Maharage na supu mimi sipunguzi. Saa nzima ya moto kwa bakuli mbili ni upotevu wa moto. Napika kingi kwa makusudi, nagawa kwenye vyombo vya kutosha mlo mmoja wa wawili, naandika jina na tarehe, nagandisha kwenye friza la nyuzi -18.

Kiporo kinataka nidhamu. Kiingie kwenye friji ndani ya saa 2 tangu kutoka motoni, au saa 1 kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32. Kiweke kwenye vyombo vya kina kifupi kipoe haraka. Kikiwa kwenye friji, ukile ndani ya siku 3 au 4, na ukipasha moto kifike nyuzi 74 mpaka katikati. Wali uuogope zaidi: una bakteria ambao mbegu zao huishi hata baada ya kuchemshwa, na wali ukikaa nje hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Mimi wali wa jana naula leo, wa juzi naumwaga.

Ndani ya mlango wa kabati langu nimebandika karatasi: upana wa kila sufuria, mvuke wake, na mchele unaotutosha. Watoto wakija wote, nateremsha ile ya 28, nasoma mstari wake, na hesabu inapanda kama ilivyoshuka: vikombe 4 vya mchele, vikombe 4 vya maji, na 2 vya mvuke.