Somo: Kuingiza CSV yenye maelezo yanayoshuka mstari kwenye PostgreSQL

Wakuu, karani akibonyeza Enta katikati ya maelezo ya mteja, rekodi moja inakaa kwenye mistari miwili au mitatu ya faili la CSV (faili la maandishi ambalo safu zake zimetenganishwa kwa koma). Ukiingiza kwenye hifadhidata ya PostgreSQL bila kuangalia, unakutana na kosa la `missing data for column`, yaani data ya safu imekosekana. Wengi hukimbilia kufuta Enta zote. Tafadhali msifanye hivyo: aya za mteja nazo ni data, na zikishaunganishwa hazirudi.

Kwanza fungua faili kwa Notepad++. Excel iache, inakula sifuri ya mwanzo ya namba za simu. Unachotafuta ni hiki:

```
14,"Mzigo umefika.
Ameandika ""sipokei"" kwenye risiti",Tanga
```

Maelezo yamezungukwa na alama za nukuu, na nukuu ya ndani imeandikwa mara mbili. Ndivyo RFC 4180, waraka wa mwaka 2005 kuhusu muundo wa CSV, inavyoeleza. Faili likiwa hivi, kazi kubwa imeisha.

Tengeneza jedwali la kupokelea, safu zote `text`. Tarehe na namba utazigeuza baadaye.

```
create table maoni_ghafi (namba text, maelezo text, mji text);
```

Kisha ndani ya psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), kwa mstari mmoja:

```
\copy maoni_ghafi from 'maoni.csv' with (format csv, header true)
```

Siri yote iko kwenye `format csv`. Usipoitaja, PostgreSQL inatumia mfumo wake wa kawaida, ambao hauzijali nukuu: kila mstari ukiisha, rekodi imeisha.

Hakiki kwa `select count(*)`, ulinganishe na idadi ya rekodi kwenye mfumo faili lilikotoka. Amri ya Linux `wc -l` itakudanganya, inahesabu mistari, si rekodi.

Maswali

*Mkuu, faili langu halina nukuu hata moja.*
Rudi kwa aliyelitoa, alitoe upya likiwa na nukuu. Kuunganisha mistari kwa skripti ni kubahatisha. Fanya hivyo pale tu mfumo wa zamani haupo tena, na ukague kwa macho.

*Napata `unterminated CSV quoted field`.*
Kuna nukuu imefunguliwa haikufungwa. Mara nyingi ni inchi: bomba la 2". Liandike `"bomba la 2"""`.

*Na MySQL je?*
Tumia `LOAD DATA` na `FIELDS TERMINATED BY ',' OPTIONALLY ENCLOSED BY '"'`. Faili la Windows liongezee `LINES TERMINATED BY '\r\n'`.